Siku Jiwe la Bibi Liliporudi Jikoni

Injini ilifika kijijini kwetu ikiwa imefungwa kamba juu ya lori kama fahali anayepelekwa mnadani. Ilikuwa kiangazi cha 1972, nami nilikuwa na miaka kumi. Lori lilitokea Mbeya kwa njia ya Tunduma, na vumbi lake tuliliona tangu adhuhuri, maana vilima vya Ufipa havina miti ya kuficha kitu. Wanaume kumi na wawili waliiteremsha juu ya magogo. Mzee mmoja aliigusa, akanusa kidole, akasema kitu hiki kinanuka kibatari. Watu wakacheka, lakini alisema kweli.

Zikapita wiki mbili za kumwaga zege na kufunga mkanda. Kisha asubuhi moja fundi akashika hendeli, akazungusha, akapumzika, akazungusha tena. Moshi mweusi ukaruka, ukafuatwa na mlio: tuku, tuku, tuku, tuku. Fundi alikuwa ametundika kikopo juu ya bomba la moshi, na kila pumzi ya injini ilikipiga kikalia kama filimbi ya mtu mwenye mafua. Mlio huo ulivuka bonde hadi kijiji cha pili. Ndiyo ikawa kengele yetu. Ukiusikia, ujue mashine inasaga. Usipousikia, usijisumbue kubeba debe.

Mama alikuwa jikoni akichambua maharage. Alisimamisha mikono, akasikiliza, akalitazama jiwe la kusagia lililokuwa kwenye kona. Hakusema neno. Aliyesema ni Bibi, mzaa baba, aliyekuwa ameketi mlangoni akiota jua.

"Haya, mkwe wangu. Sasa tutaona nani atamsagia nani."

*

Kusaga ulezi kwa jiwe ni kazi ya mgongo kuliko ya mikono. Jiwe la chini lilikuwa pana kama sinia, limepachikwa kwenye jukwaa la udongo lililofika magotini, likainama kidogo kwa mbele. Unapiga magoti nyuma yake, unashika jiwe dogo kwa viganja viwili, unamwaga konzi ya ulezi, unasukuma. Punje za ulezi ni ndogo na za mviringo. Usipozibana mapema zinatawanyika kama watoto walioitwa kuoga. Unasukuma kwa uzito wa kifua, unarudi, unasukuma tena, na unga mwekundu unateremka kwenye ungo uliotegwa mwisho wa jiwe. Mkupuo wa kwanza hutoa chenga, wa pili hutoa unga. Wa tatu ulikuwa wa wageni.

Jiwe nalo huchoka. Likishasagiwa wiki mbili tatu uso wake huteleza kama sabuni, na ulezi unaserereka bila kusagika. Hapo Bibi alitoka nje na kipande cha jiwe jeupe gumu, akaketi juani, akaligonga lile kubwa kwa vipigo vidogo vidogo, ta, ta, ta, mpaka likaota vijinundu upya. Kazi hiyo tuliiita kulitia meno. Ukizidisha nguvu unalipasua, na ukiogopa unapoteza mchana kutwa bure. Siku ya kwanza baada ya kutiwa meno tulisaga pumba, tukawatupia kuku, maana unga wa mwanzo ulikuwa na mchanga.

Nyumbani tulikuwa watu tisa. Mama aliamka jogoo wa kwanza. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vyetu vya uwandani baridi yake ni hiyohiyo. Juni na Julai maji ya mtungini yanauma meno. Katika baridi hiyo nilizoea kusikia jiwe kabla sijafumbua macho. Niliposhika miaka minane nikapewa zamu yangu. Nilisaga kabla ya kwenda shule, na darasani nilisinzia juu ya hesabu za kujumlisha huku vidole vikiwa bado vimejikunja.

Lakini jiwe lilikuwa na mengine zaidi ya uchovu. Hapo ndipo bibi arusi alipopimwa, na hapo ndipo siri za ndoa zilipofundishwa, kwa sauti iliyofunikwa na mkwaruzo. Mke aliyekosewa hakulazimika kugombana. Alisaga huku akiimba, na mume aliyekuwa bado kitandani alisikia kila neno bila kutajwa jina. Nilimsikia Mama akifanya hivyo mara mbili. Mara zote mbili Baba aliamka mapema, akaenda kuchanja kuni bila kuombwa.

*

Babu hakwenda kuitazama mashine. Alikuwa mhunzi, na nadhani aliijua kazi ya wageni wa namna ile kabla yetu sote.

Wafipa husimulia kwamba watawala wao wa kale kabisa, wale wa Milansi, walikuwa wahunzi. Babu alizaliwa wakati kazi hiyo bado ipo, na katika miaka ya 1930, akiwa kijana, aliitumikia kwa kuchoma mkaa. Tanuru la kuyeyushia tunaliita ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo, likapanda hadi mita tatu hivi, jembamba juu, pana chini kama chungu kikubwa kilichosimama. Chini kabisa lilikuwa na matundu pande zote, na katika matundu hayo waliingiza mabomba ya udongo. Halikuhitaji mivukuto. Walipokwisha kulipanga mkaa na mawe ya chuma tabaka kwa tabaka na kuliwasha, urefu wake wenyewe ulivuta upepo kutoka chini, moto ukajilisha hewa usiku na mchana. Bonge lililotoka humo lilikuwa bado na taka nyingi, kwa hiyo lilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Baada ya hapo kikaja kishindo cha nyundo, na jembe.

Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, ambacho mtoto hakukigusa. Ilungu lenyewe lilitunzwa kama bibi arusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na mafundi waliolala kambini hawakuwakaribia wake zao mpaka chuma kitoke. Babu alikuwa akisimulia hayo bila kutabasamu. Kwake zilikuwa kanuni za kazi, kama vile leo fundi wa umeme asivyogusa waya kabla ya kuzima swichi.

Nilimuuliza mara moja kwa nini waliacha.

"Mjukuu wangu," akasema, "jembe letu lilihitaji watu kumi na mwezi mzima. La dukani lilihitaji mtu mmoja mwenye shilingi."

Na shilingi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na kila mtu, maana kodi ya serikali ya kikoloni haikulipwa kwa majembe wala kwa ulezi. Vijana ambao wangebeba mkaa walikwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Walirudi na mablanketi, baiskeli, mmoja wao na cherehani. Majembe ya Uingereza yenye chapa ya mamba yakajaa madukani. Mengine, Babu alisema, yaliteremshwa Kasanga kutoka kwenye meli ya Liemba. Meli hiyo yenyewe ni chuma kilichosafiri. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Kigoma ikaungwa upya. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Hata nguo ilikwenda njia ileile ya majembe. Wafipa walikuwa wakifuma kwa pamba yao, lakini kufika wakati wangu Bibi alivaa kaniki na khanga kama wanawake wengine wote wa nchi hii.

Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa, na mwaka 1958 likarudi kwenye habari hiyo tena. Kufika mara ya pili, Babu alikuwa haokoti tena mawe ya chuma. Alikuwa akifua visu na nyengo kutoka kwenye vyuma chakavu, huku malungu yakiwa yamesimama mashambani yameota majani vichwani. Mengine yamesimama hadi leo. Wageni huyapiga picha wakidhani ni vichuguu.

*

Mashine ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Injini ilikuwa Lister, ya kutoka Dursley, Uingereza, nzito na isiyo na haraka. Malipo yalikuwa thumni kwa debe.

Asubuhi ya kwanza baada ya kusagisha, Mama alilala mpaka jua likachungulia. Aliamka ameshtuka, akakimbilia jikoni, akalikuta jiwe limekauka na debe la unga limejaa. Aliketi chini akacheka peke yake. Sijawahi kusahau kicheko kile. Wakati watu wanaposema mashine zimetuharibia maisha, hukikumbuka kwanza, ndipo nijibu.

Kazi, hata hivyo, haikuondoka nyumbani. Ilihama mwili. Kutoka mgongoni kwa Mama ilikuja kichwani kwangu. Debe la mahindi ni kilo kumi na nane hivi, na kutoka kwetu hadi mashineni ulikuwa mwendo wa dakika arobaini. Waliotoka ng'ambo ya bonde walitembea saa mbili. Tulifika tukapanga madebe kwenye mstari, kila mmoja akaweka alama yake, kitambaa au gunzi la mahindi, na tukangoja. Mwendesha mashine alikuwa kijana mwenye kope nyeupe kwa unga. Ndiye aliyejua nani kapitishwa mbele na kwa nini. Usagaji, ambao tangu mababu ulikuwa himaya ya wanawake, ulikuwa sasa mkononi mwa kijana wa miaka ishirini aliyevaa kaptula.

Na thumni ilitoka wapi? Jiwe halikudai senti. Sasa kila wiki Mama alihitaji fedha, na fedha ilikuwa kwa Baba. Mwanamke ambaye jana alilisha nyumba kwa nguvu zake alianza kuomba. Bibi aliliona hilo kabla yetu. Ndiyo maana alisema: nani atamsagia nani. Mama naye akatafuta njia. Akaanza kupika pombe ya ulezi kila mwisho wa mwezi, akauza, akafunga senti zake kwenye pindo la khanga. Kwa hiyo muda alioupata kwa mashine aliutumia kutafuta fedha ya kuilipa mashine. Salio lilikuwepo, nami ni shahidi, maana katika salio hilo ndimo mlimopatikana daftari zangu na asubuhi zangu za kusoma bila kusinzia. Mwaka 1976 nilifaulu kwenda sekondari. Katika darasa letu wasichana tulikuwa watatu, na wote watatu tulitoka kwenye vijiji vilivyosikia mlio wa mashine.

Nyimbo za kusagia zilikufa taratibu, pasipo mtu kuzizika. Kwenye foleni kulikuwa na maneno mengi, umbea, vicheko na uchumba. Lakini ile lugha ya mke kumwambia mumewe ukweli gizani bila kumtaja haikuwa na mahali tena. Huwezi kumwimbia mtu penye injini ya dizeli.

*

Kitu cha mwisho kubadilika kilikuwa chakula chenyewe, na hakuna aliyetangaza.

Mashine yetu ilikuwa ya vinyundo. Ndani ya ngoma yake vyuma vinazunguka, vinapiga nafaka mpaka iwe ndogo kiasi cha kupita kwenye chekeche. Chekeche la mahindi lina matundu mapana kuliko la ulezi. Ukitia ulezi bila kubadilisha, nusu unatoka mzima. Kubadilisha kulitaka injini izimwe na bolti zifunguliwe, na mwendesha mashine hakuzima injini kwa ajili ya debe moja. "Mama, kusanya wenzako," alisema. "Mkifika watano wenye ulezi, nitabadilisha." Wangoje mpaka lini? Akina mama wakaanza kuja na mahindi tu. Ugali wetu, uliokuwa mwekundu kama udongo wa kisuguu, ukawa mweupe. Ulezi ukabaki wa pombe, wa uji wa mzazi na wa wazee waliolalamika kwamba ugali wa mahindi unashiba tumboni tu, haufiki miguuni.

Nje ya kijiji mambo yalisukuma upande uleule. Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa, Sumbawanga makao makuu yake. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji, kaya zilizotawanyika zikahamishiwa kando ya barabara. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikuwa likinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Fikiria maana yake kwa mkulima wa Ufipa: gunia la Laela lililipwa sawa na la Morogoro, japo barabara ya kwenda Tunduma wakati wa masika ilimeza malori mpaka madirisha. Umbali wetu ukalipwa na serikali. Ikaja mbolea ya chumvichumvi kutoka kiwanda cha Tanga, ikaja mbegu mpya, na mkoa uliojulikana kwa ulezi na uvuvi ukaingia katika ile mikoa minne iliyoitwa "Big Four" kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Plau nayo ikaja. Zamani shamba letu lilikuwa la matuta ya duara, ntumba. Unakata majani, unayakusanya, unayafunika kwa udongo yaoze, unapanda maharage juu yake, msimu ujao unatawanya na kupanda ulezi. Udongo ulijirutubisha wenyewe. Ila tuta la ntumba ni la jembe la mkono. Plau haiwezi kulizunguka. Baba aliponunua plau na kufundisha maksai wawili, alilima kwa siku tatu eneo ambalo zamani lilitaka mwezi. Alisifiwa kijijini kote. Lakini plau inalima tu, haipalilii. Magugu yalikuja kwenye ekari sita badala ya mbili, na aliyeyainamia alikuwa Mama, kwa jembe lilelile, na sisi watoto nyuma yake. Ekari sita za sifa ya Baba zilipaliliwa na mgongo uliokuwa umepumzishwa na mashine miaka mitatu tu.

*

Kisha dizeli ikaisha.

Haikuisha siku moja. Ilianza baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, hazina ya fedha za kigeni ilikuwa tupu, na Rukwa ni mwisho wa barabara. Mlio wa kikopo ukasikika mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha Jumamosi moja hapa na nyingine kule. Sabuni ikapotea, chumvi ikawa kwa kibaba, khanga kwa kibali. Mkanda wa mashine ulipokatika hapakuwa na mwingine. Wakaushona kwa ngozi ya ng'ombe, ukafanya kazi wiki tatu, kisha ukafumuka injini ikiwa mbioni. Yule kijana mwenye kope nyeupe alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Hakukuwa na wa kumdai. Mwenye mashine alimletea mchele, akamtafuta mwingine.

Nilirudi likizo mwaka 1981 nikiwa chuo cha ualimu. Nilipokaribia nyumbani nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu utotoni: krr, krr, krr. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, lakini jiwe, lililokuwa nje kwa miaka tisa likitumika kuzuia mlango wa banda la mbuzi, lilikuwa jikoni juu ya jukwaa jipya la udongo. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma yake.

Mikono ilikuwa imesahau. Mama, aliyekuwa msagaji hodari wa ukoo, alisukuma, mahindi yakaruka. Viganja vyake vikavimba malengelenge siku ya kwanza. Na jiwe lilikuwa butu. Akachukua jiwe jeupe alitie meno, akapiga kwa hofu, ta, ta, halafu akapiga kwa hasira, na ncha ya pembeni ikabanduka. Akaliangusha lile jiwe jeupe akajifunika uso.

Bibi, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alisema: "Nileteeni."

Tulimsogeza mpaka kwenye jukwaa. Alipapasa uso wa jiwe kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kutafuta homa. Akaanza kugonga. Hakuwa akiona, lakini kila pigo lilitua kando ya lililotangulia, safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Kila baada ya muda alisimama, akapapasa, akaendelea. Alipomaliza akasema, "Sasa ulezi, siyo mahindi. Jiwe hili halijui mahindi." Kwa bahati tulikuwa na kibuyu cha mbegu.

Msimu uleule majembe nayo yalikosekana. Kiwanda cha majembe cha UFI cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, hakikutosheleza nchi iliyokuwa ikiambiwa ilime kufa na kupona. Majembe machache yaliyofika wilayani yaligawanywa kwa orodha. Watu wakamkumbuka Babu. Waliokuja hawakuja na mawe ya chuma. Walikuja na springi za malori yaliyofia barabara ya Tunduma. Alikuwa mzee wa karibu miaka sabini, mivukuto ikavutwa na wajukuu. Springi inakatwa, inachomwa mpaka iwe rangi ya ndizi mbivu, inapigwa ikiwa imeshikwa na koleo, inarudishwa motoni. Ilimchukua siku nzima kutoa majembe mawili. Yalikuwa mazito na hayakuvunjika.

Kijana mmoja wa kijiji alimuuliza kama anaweza kuwasha ilungu tena, wapate chuma chao wenyewe. Babu aliendelea kupuliza moto.

"Nani atachoma mkaa?" akauliza. "Nani anajua miti? Mimi nilikuwa mtoto wa mkaa tu, sikuwa fundi. Waliojua walikufa wakidhani hatutahitaji."

Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari langu la ualimu jioni ile, pembezoni mwa somo la ufundishaji wa Sayansi Kimu. Daftari bado ninalo.

*

Babu alifariki mwaka 1985, Bibi miaka miwili baada yake. Dizeli ilirudi na biashara huria. Mashine zikawa mbili, kisha nne, za Kihindi, kisha za Kichina, nyepesi, zenye haraka na maisha mafupi. Bei moja ya nchi nzima ikaondolewa, na umbali wetu ukawa wetu tena. Mahindi yakarundikana nje ya nyumba yakisubiri mwenye lori atakayetaja bei anayotaka.

Nimefundisha miaka thelathini na mitatu katika wilaya za Rukwa, nimeona mengine mengi. Umeme uliowasha mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitoka Zambia kwa njia ya Mbala, na tangu uanze kusambazwa vijijini na Wakala wa Nishati Vijijini, mashine nyingi za kusaga sasa ni za mota. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ina lami, iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Safari iliyokula siku mbili wakati wa masika sasa ni ya asubuhi moja. Debe halibebwi kichwani. Bodaboda anakuja mlangoni, anafunga gunia nyuma, anarudi na unga kabla chai haijapoa. Mama, ambaye ana umri wa kumwita kila mtu mwanangu, humlipa kwa simu. Fedha hiyo ni yake, anatumiwa na binti zake watatu. Swali la Bibi limepata jibu zuri kidogo, ingawa lilichelewa miaka hamsini.

Ulezi nao umerudi kwa mlango wa nyuma. Daktari alimwandikia Mama aache sembe kwa sababu ya kisukari, ale ugali wa ulezi. Mjini unauzwa umepakiwa kwenye mifuko ya nailoni yenye picha ya mtoto anayecheka, kwa bei ambayo Bibi angeipigia kelele. Mwenye mashine ya umeme ana chekeche la ulezi tayari kwenye mota ya pili. Wateja wa kutosha wapo.

Kitu ninachokikosa ni mlio. Mota haisikiki nje ya kibanda chake. Bonde liko kimya, na mtoto akitumwa mashineni hawezi kujua kama umeme umekatika mpaka afike.

Jiwe la Bibi liko uani kwangu. Nililibeba kwa gari ya mkopo mwaka tuliobomoa jiko la zamani. Sikulipeleka makumbusho wala sikulipaka rangi. Limekaa chini ya bomba, limejaa maji kila wakati, kuku wananywea humo. Mwaka jana mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam. Ana miaka saba, anauliza kila kitu. Alichuchumaa mbele ya jiwe, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akapima kina chake.

"Bibi, nani alichonga beseni hili?"

"Halikuchongwa," nikamwambia. "Limelika."